Kuinyamazisha Feni

Mume wangu aliponiambia anataka kutengeneza feni ya gari ili gari liache kupiga kelele, nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo, na mkono ukasimama. Sikuuliza kitu. Mimi sikuumbwa mtu wa kuuliza papo kwa papo. Neno nikilitilia shaka huliweka pembeni, nikalifunika, kisha nikalifunua baadaye kuona kama limeanza kunuka. Hilo la feni lilinuka kabla mchele haujaiva.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu ya Kijapani, ya bluu, boneti imepakwa rangi kwa brashi. Mume wangu alikuwa dereva wa ofisi moja ya umma pale Dodoma, na pikapu hiyo aliiendesha miaka mingi kabla ofisi haijaipiga mnada. Ilikuwa ni ile miaka ya ruksa. Maduka yalijaa sabuni za kila harufu, na ofisi zikaanza kupunguza mizigo: waliuza makabati, wakauza viti, wakauza magari, na tulijua sote kwamba baada ya magari watafuata watu. Yeye alilinunua lile gari kwa sababu alizijua homa zake zote, kama mtu anayemwoa mjane wa rafiki yake.

Na gari lilivuma. Wageni walidhani ni ekzosi, lakini ekzosi ilikuwa nzima. Ilikuwa ni feni, ile inayokaa mbele ya injini nyuma ya rejeta. Ukikanyaga mafuta kidogo tu, feni ilivuma kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Mtaa wetu wote wa Makole ulitujua. Kelele ile ilikuwa saa yangu ya ukutani. Nikiisikia iko kwenye lami, nilianza kusonga ugali. Ikikata kona ya kanisani, nilikuwa naepua. Watoto nao wakiisikia, mmoja alizima redio na mwingine akafungua daftari, na baba yao aliingia akakuta nyumba ya wasomi. Akisimama njiani hata kidogo, nilijua ni kwa nani. Akiingia ndani nilimuuliza fulani hajambo, naye alicheka na kusema nina masikio ya sungura.

Niseme ukweli, nilikuwa napenda hivyo. Wafugaji wa kwetu humfunga mbuzi kengele shingoni si kwa sababu kengele ina sauti nzuri. Baba yangu mzazi alituacha alfajiri moja nikiwa msichana mdogo. Aliisukuma baiskeli kwa mkono mpaka barabarani ndipo akaipanda, ili tusisikie mnyororo. Mama hakuwahi kulilia zaidi jambo jingine kuliko hilo la kusukuma baiskeli. Tangu hapo mwanamume anayepunguza kelele simwamini, hata akiwa mchungaji.

Basi usiku nilipofikiria vizuri nikajiuliza: gari limevuma miaka yote hii, halijamuudhi. Limemuudhi sasa. Kuna nini sasa?

Nilimpelekea jirani yangu jambo hili, mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua na ambaye mume wake alikwishamtoroka, kwa hiyo nilimhesabu kuwa mtaalamu. Alisikiliza huku akigeuza kitumbua, halafu akasema, "Mwenzangu, mwanaume hawezi kuamka tu akanyamazisha gari. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wewe fungua macho."

Yangekuwa yamefumbwa ningeyafungua. Yalikuwa wazi muda mrefu. Feni ilikuwa ni ya mwisho tu katika mambo mengi.

La kwanza, alikuwa amenyamaza. Mtu aliyekuwa akirudi na habari za mji mzima, sasa anakula, ananawa, anakaa. Ukimweleza jambo anaitikia "mm", jambo jingine "mm", hata ukimwambia nyumba inaungua ungepata "mm" yako. Nikimwita yuko uani na mimi niko jikoni, haitikii, na nikimfuata mpaka mbele yake anashtuka kama mtu aliyefumaniwa. Redio alikuwa anaifungulia mpaka mabati yanatetemeka, na nikajua ananifungia mlango kwa redio, maana mimi siku zote huanza mazungumzo wakati wa taarifa ya habari. Kwaya, ambako aliimba besi tangu hatujaoana, aliacha ghafla. Nilipomuuliza akasema siku hizi waimbaji hawafuatani, kila mtu anashika njia yake. Nikasema moyoni, na wewe umeshika ipi?

Na Jumapili mchana alikuwa anakwenda Ihumwa, nje ya mji. Alisema ana mtu anamwona huko. Mtu! Kiswahili hiki jamani kina maneno mazuri ya kujifichia. Nilikagua viatu vyake kila aliporudi, kwa sababu mama yangu alinifundisha kwamba mwanaume hakaguliwi mfukoni, anakaguliwa miguuni. Vumbi lilikuwa la Ihumwa kweli. Ilibaki kujua ni vumbi la mlango wa nani.

Halafu nikaokota pamba. Ilikuwa kwenye kile kisahani cha gari cha majivu ya sigara, na mume wangu havuti sigara. Vipande viwili vitatu vya pamba vilivyosokotwa, vina mafuta, vinanukia kwa mbali kitu ambacho sikukitambua. Nilikaa navyo kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, jua linaniwaka mgongoni, nikavinusa kama mbwa wa polisi. Mwanaume hana kazi na pamba. Pamba ni ya mwanamke, ya kufutia rangi ya kucha au kufutia uso. Kwa hiyo kuna mwanamke ambaye hukaa kwenye kiti changu, anajifuta uso, anaacha takataka zake kwenye gari la watoto wangu. Nilijiona nimesimama barabarani kama mama, natazama alama ya tairi.

Lazima mjue pia jinsi miaka ile ilivyokuwa. Ofisini kwake ilikwishasemwa kwamba madereva watapunguzwa. Wote wangeitwa wapimwe upya, macho, masikio, damu, mkojo, kisha ingeamuliwa nani abaki na nani aende na kiinua mgongo chake. Na tulikwishaona wanaume wenye viinua mgongo. Mtu analipwa leo, wiki ijayo ana mke mdogo na duka la mitumba Singida. Nikaunganisha yote: ananyamaza kwa sababu anapanga, anakwenda Ihumwa kwa sababu ndiko anakopangia, na gari linanyamazishwa ili siku yenyewe ikifika nisisikie linatoka. Yalikaa sawa kila upande kama kifuniko na chungu chake.

Nikamjaribu. Siku moja akiwa anakula, nikasimama mbele yake nikamuuliza, "Baba, hivi hiyo feni inakuudhi nini?"

Alinitazama mdomoni. Siku hizo alikuwa na tabia ya kunitazama mdomoni badala ya machoni, jambo nililolihesabu kuwa dalili ya mwongo.

"Nimechoka na makelele," akasema. "Kichwa kizima makelele. Nataka nikae kimya kidogo, nisikie mambo mengine."

Mambo mengine! Niliondoa sahani kabla hajamaliza kula.

Jumamosi iliyofuata aliponiambia anakwenda gereji Nkuhungu, nilikuwa nimekwishavaa. Nikamwambia nakwenda naye. Hakukataa, wala hakufurahi, alisema "mm". Kwa nje haikuwa ajabu. Mtu mwenye akili Dodoma hakuacha gari kwa fundi akaenda zake. Ulikaa na gari lako. Ulitafuta tairi au ndoo, ukakaa, ukaitazama mikono ya fundi mpaka mwisho, maana ukienda tu kunywa chai, betri yako imezeeka na starta yako imekuwa ya mtu mwingine. Wapo waliokuwa wakitia alama vipuri kwa msumari. Mimi nilibeba chupa ya rangi ya kucha, nyekundu. Lakini sikuwa nimekwenda kulinda vipuri.

Fundi alikuwa mwanamume mnene kiasi, wa makamo, mwenye ovaroli iliyokuwa kijani zamani. Gereji yake ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa ua wa minyaa, na magari mawili yaliyokufa yamekaa juu ya mawe. Alinisalimia, "Shikamoo mama," kwa heshima iliyozidi, nikaipokea huku nikiipima. Mume wangu akampa mkono. Halafu wakaanza kuzungumza kwa mikono! Fundi alionyesha injini, akazungusha kidole, akakunja ngumi, akaifungua. Mume wangu akatikisa kichwa, akaonyesha vidole viwili. Hawakusema hata neno. Nikajiambia, haya, lugha wanayo, na wameizoea. Fundi huyu anajua siri yote, na amekwishalishwa.

Nikasogeza ndoo yangu karibu kabisa. "Fundi," nikasema, "mimi ni mpiga chapa, sijui magari. Unafanya nini, nieleze kila hatua."

Alieleza, tena kwa furaha. Alifungua kava la rejeta, akalegeza nati nne nyuma ya feni, akaitoa feni nzima na kitu cha duara katikati yake, kizito, cha alumini, chenye mapezi kama sahani ya jiko la mafuta ya taa la Kichina. "Hii ndiyo klachi ya feni, mama. Gari likiwa la baridi, hii inateleza, feni inazunguka kivivu tu, kimya. Injini ikipata moto, upepo wa moto wa rejeta unapiga kale kawaya kalikojikunja hapo mbele, kanafungua njia, oili inajaa, klachi inaishika feni. Feni inafanya kazi kweli. Moto ukishuka, inaiachia tena."

"Kwa hiyo muda mwingine inajifanya inafanya kazi," nikasema.

"Si kujifanya, mama. Inapumzika."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatazama klachi.

Fundi akanionyesha boliti mbili zilizopitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa katikati ya kile kiduara. Oili ilikwishavuja zamani, akasema, feni ikawa inateleza hata kwenye joto, gari linachemka kwenye kila mlima. Mafundi wa ofisi hawakuhangaika. Walitoboa, wakafunga boliti, feni na injini vikawa kitu kimoja. Ndiyo maana iliunguruma, ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote asubuhi na jioni, kwenye joto na kwenye baridi, na kuimaliza pampu ya maji taratibu. Kila mtu alifanya hivyo miaka ile, kwa sababu mtu akiishika feni kwa mkono asubuhi akaona inateleza, alidhani imekufa. Hatukuamini kitu kinachoteleza. Mimi nikiwa wa kwanza.

Klachi ya badala yake fundi aliitoa ndani ya gunia. Ilitoka kwenye gari lililokufa Morogoro, alisema. Nikamuuliza lilikufa kwa nini. Akasema lilipinduka. Nikamuuliza kama mwenye gari anajua kuwa klachi yake iko hapa. Akacheka mpaka akakohoa. Nikatoa rangi ya kucha nikaitia alama pembeni palepale.

Akaifungua kwa bisibisi, skrubu moja moja kwa duara, ikagawanyika sahani mbili. Ndani kulikuwa na mifereji ya duara, mmoja ndani ya mwingine, safi kwa namna ambayo sikuitarajia kwenye gari. Akaiosha kwa petroli, akaipangusa kwa kitambaa, akaianika juani. Halafu akatoa kichupa kidogo. Oili ya humo ilikuwa nzito kama asali lakini nyeupe kama maji. Ilitumwa kutoka Dar es Salaam kwa treni, akasema, haipatikani Dodoma.

Nilinyoosha mkono. "Hebu."

Nikamwaga tone kwenye kidole. Lilikuwa linavutika, linateleza, halina harufu. Nimepaka watoto gilisalini miaka mingi, naijua. Na dukani gilisalini ilikuwa bei ya bure. "Fundi, hii si gilisalini?"

"Haki ya Mungu, mama!"

Gilisalini ni tamu. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Fundi alishika kichwa. Haikuwa tamu, haikuwa na ladha yoyote, ilikuwa kama kulamba kioo. Nikamrudishia kichupa chake, nikatema mate kwenye minyaa kwa adabu. Mume wangu, ambaye zamani jambo kama hilo lingemchekesha wiki nzima, alikuwa ameinama anakaza nati isiyohitaji kukazwa.

Fundi aliimimina oili, na wakati inajipanga kwenye mifereji, mume wangu alikwenda bombani kunawa. Niliona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nikamsogelea fundi nikashusha sauti.

"Fundi, wewe ni mwanangu. Huyu mzee akija hapa huja na nani?"

"Peke yake, mama."

"Usinifiche."

"Peke yake, nakuapia. Anakaa kwenye hilo tairi, ananiuliza nitaweza kuliondoa hilo vumo lote. Namwambia nitaliondoa. Kesho yake anakuja kuuliza tena." Akasita, akapangusa bisibisi. "Ila mama, nikisema usikasirike. Mzee ana dharau kidogo. Mtu anamsalimia yuko nyuma yake, hageuki hata shingo. Vijana hapa wamemzoea tu."

Nilikasirika. Mume wangu alikuwa na makosa mengi na nilikuwa nayakusanya, lakini dharau haikuwamo. Mtu yule alimpa shikamoo hata mlinzi wa sokoni kwa sababu ya mvi zake. Nikamwambia fundi achunge ulimi, nikarudi kwenye ndoo yangu. Lakini neno lenyewe sikulitupa. Nililiweka pembeni, nikalifunika.

Mume wangu alirudi, wakaifunga klachi, wakarudisha feni, mkanda, kava, maji. Fundi akaizungusha feni kwa mkono, ikaenda kidogo ikasimama yenyewe, laini. "Umeona? Inashika kidogo, haijalegea, haijakaza. Ndivyo inavyotakiwa." Akanigeukia mimi, maana ndiye niliyekuwa mkaguzi. "Sasa nikiwasha italia kidogo kwanza, oili ilikuwa imelala upande mmoja. Msiogope. Itanyamaza."

Mume wangu ana mtindo wake wa kusikiliza injini. Haangalii. Hulipa gari mgongo, akasogea mbali kidogo, akafumba macho. Alisema ukiitazama injini macho yanakudanganya, unasikia unachokiona. Akatembea mpaka kwenye ua wa minyaa, akasimama ametupa mgongo, mikono nyuma, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Fundi akawasha.

Feni ikavuma ile sauti yetu, sauti ya kona ya kanisani, na moyo wangu mwovu ukafurahi. Nikasema imeshindikana. Halafu ikaanza kushuka. Ilishuka kama mtu anayetoka chumbani akifunga mlango nyuma yake polepole, na nyuma yake ikabaki injini peke yake, tik tik tik, ndogo kama cherehani. Nilisikia kuku wa jirani wakichakura. Nilisikia mtu anapita barabarani akivuta kandambili. Sikuwahi kujua gari letu lina injini ya upole namna ile. Fundi alikunja mikono kifuani akanitazama.

"Mzee!" akaita. "Unaonaje?"

Mume wangu hakugeuka. Alisubiri, kichwa upande, halafu akasema, kwa ile sauti kubwa aliyokuwa ameianza mwaka ule, "Bado."

Fundi akacheka kidogo. Akamfuata, akasimama mbele yake, akaonyesha gari. "Limekwisha, mzee. Hebu sikiliza."

"Nasikiliza. Bado linavuma. Linavuma vilevile."

"Mzee, kweli?"

"Fungua tena."

Fundi akarudi kwangu uso umebadilika. "Mama, mzee wako anatafuta njia ya kunidhulumu. Kazi kaiona, sasa anasingizia."

Nami kwa sekunde ile niliwaza kama yeye. Nilijiuliza huu ni mchezo gani, na unaelekea wapi. Nikamtazama mume wangu pale minyaani, na nikaona kwamba hachezi. Uso wake niliuona kwa upande. Ulikuwa umejikunja kama wa mtu anayetafuta kitu gizani kwa mkono. Lile neno la fundi, la kutogeuka, likajifunua lenyewe bila mimi kuligusa.

Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Niliinama, nikazima ufunguo.

Feni ikazunguka mara chache, ikasimama. Injini ikafa. Gereji nzima ikawa kimya, hata upepo wa Dodoma ambao haukosekani ulikuwa haupo. Fundi alifungua mdomo, nikamkazia macho, akaufunga.

Mume wangu aliendelea kusimama vilevile, ametupa mgongo, macho amefumba. Akainua kidole kimoja juu.

"Unalisikia?" akasema. "Hilo hapo."

Nikashika mlango wa gari. Mambo yote niliyokuwa nimeyakusanya yalinirudia yamegeuzwa ndani nje: redio, kwaya, zile "mm" zake, macho yake mdomoni mwangu, pamba za mafuta alizokuwa akitiwa masikioni na mtu wake wa Ihumwa, na wale wapimaji waliokuwa wanamsubiri ofisini. Nilikuwa nimemtafuta mwanamke. Mungu wangu, ningempata mwanamke ningejua la kumfanya. Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na shemeji, nilikuwa na wazee wa kanisa. Kwa hili nilikuwa sina kitu mkononi, na alikuwa ananiondokea kweli, nimemtazama miezi yote nisiione njia anayopitia.

Nilimzunguka mpaka nikasimama mbele yake, mahali ambapo angeuona mdomo wangu. Alifumbua macho. Alikuwa anaogopa, na alinitazama kwa namna niliyoifahamu, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikimtazama yeye. Alikuwa anatafuta kwangu dalili ya uongo.

"Nalisikia," nikasema. Nilifungua midomo vizuri, nikalitamka taratibu. "Nalisikia, baba. Bado linavuma."

Akashusha pumzi, mabega yakamlegea.

"Afadhali," akasema. "Nilikuwa naanza kudhani ni mimi."